Mtazame Anavyoinuka

Ukitaka kumjua Lyle Sedlak, usimtazame akiwa kazini juu ya lile lori la kaunti la kusukuma theluji, wala kanisani, ambako husinzia. Mtazame Jumapili mchana mbele ya runinga. Watu wote wa Marlow Ferry hutazama mpira wa Kimarekani wakati mkimbiaji ameukumbatia kifuani na anapenya katikati ya majitu yanayotaka kumlaza. Akishalazwa na firimbi ikalia, wao hugeukia bia na soseji zao. Lyle ndipo anaposogeza kiti mbele.

"Kakimbia vizuri huyo, eh?" mkewe Noreen humchokoza.

"Kukimbia kila mtu anakimbia. Ngoja tuone anavyoinuka."

Siri yake yote ilikuwa hapo. Mkimbiaji mwenye magoti mazima akiangushwa huruka juu kama aliyekalia jiko la moto. Kisha siku moja, hata yeye mwenyewe hajui, huanza kutanguliza kiganja chini, halafu goti moja, halafu lile jingine. Watangazaji hawaoni. Madaktari bado hawajaambiwa. Lyle akishakiona kile kiganja mara mbili tatu katika mchezo mmoja, Jumatatu asubuhi jina la yule mkimbiaji liko sokoni.

Soko lenyewe lilikuwa gereji ya Augie Benedetto, nyuma ya nyumba yake ya matofali karibu na mto. Humo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, watu kumi waliosoma pamoja sekondari walianzisha ligi yao ya mezani, wakaiita Gereji kwa kukosa jina la maana zaidi. Kila mmoja ana timu yake ya majina: wachezaji wa kweli wanaocheza Cleveland, Dallas na kwingineko, na kila wanachofanya uwanjani humletea mwenye jina pointi. Ligi nyingi za namna hiyo huvunja timu kila mwaka na kuanza upya. Gereji haivunji. Ukimchagua mtu akiwa kijana aliyetoka chuo juzi, ni wako mpaka umbadilishe na mwenzako au astaafu. Unazeeka naye.

Ndiyo maana humo hakuna anayeuliza nani atafanya vizuri kesho. Wanauliza nani atakuwa bado anafaa miaka mitano ijayo, na kwa wakimbiaji jibu lake linauma. Mrusha mpira anaweza kucheza mpaka mvi zimjae kichwani. Mkimbiaji akikaribia miaka ishirini na saba watu huanza kumzungumzia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa aliye chumba cha pili. Wengine wa Gereji walihesabu miaka yake tu. Wengine walihesabu ni mara ngapi amebebeshwa mpira. Lyle alitazama kiganja, akauza mapema, akapata vijana wapya, na akashinda hata watu wakachoka kumpongeza.

Walichokuwa wanagombania kilikuwa ndoo ya bati iliyobonyea upande mmoja. Ndiyo ndoo waliyokuwa wakiinywea maji kwa upawa pembeni mwa uwanja mwaka wa 1983, walipokuwa timu kweli, wenye jezi na matumbo bapa. Shule ile ilibomolewa, na mahali pake leo pana duka la matairi. Ndoo iliokolewa na Donna Kubiak, aliyekuwa akipuliza klarineti kwenye bendi ya shule, na sasa ndiye katibu wa Gereji mwenye neno la mwisho katika kila ugomvi. Mtu ambaye Ndoo haikuwahi kulala kwake hata msimu mmoja ni mwenye gereji mwenyewe, Augie.

Na sababu ilijulikana. Augie alikuwa jalala la Lyle. Kila mkimbiaji ambaye Lyle alimwona kiganja, mwisho wa safari yake ulikuwa kwa Augie. Lyle angemsifia yule mtu mpaka povu, Augie angekuna kidevu, angetoa kijana mzuri, na baada ya msimu mmoja mkimbiaji angekuwa na magongo. Hata hivyo Augie hakumtoa kwenye timu. Alikaa nao wote, wazee wale wasiompa pointi, mpaka siku walipotangaza wenyewe kwamba wamestaafu. Wenzake walimcheka, na Lyle ndiye aliyecheka zaidi.

"Augie, timu yako si timu," Puckett alikuwa akimwambia. Puckett ni fundi bomba, mdomo wake haujawahi kupumzika. "Ni wodi."

"Wodi nayo inahitaji muuguzi," Augie angejibu, akigeuza soseji na pilipili hoho kwenye chuma cha kuchomea.

*

Lyle naye aliwahi kuwa mkimbiaji. Hilo hakuna aliyelisahau Marlow Ferry, ingawa sasa ni watu wachache wanaolitaja. Enzi hizo kiwanda cha chuma kilikuwa bado kinatoa moshi, na Ijumaa jioni mji mzima ulihamia uwanjani: wanaume na nguo za zamu, akina mama na mablanketi, mapadri, mbwa. Taa zikiwashwa, ukungu wa mtoni ulipanda mpaka kiunoni. Lyle alikuwa nyuma, mwembamba, mwepesi. Mbele yake alikuwa Augie, mkubwa kuliko mlango, kazi yake kusukuma watu wafungue njia. Augie alifungua, Lyle akapita, na watu wakapiga kelele jina moja tu. Halikuwa la Augie.

Goti la Lyle lilianza kuuma msimu ule wa mwisho. Hakumwambia mtu. Kila wiki walikuwa wanakuja wajumbe wa vyuo kuangalia nani wa kumpa nafasi, na kijana wa Marlow Ferry alikuwa na njia mbili tu za maisha, mojawapo ikiwa inatoa moshi. Alikimbia nalo hivyo hivyo. Akapata nafasi, akaenda, akakimbia msimu mmoja wa chuo. Wa pili goti likakatika mazoezini, akarudi nyumbani na kovu, na Noreen, na kazi ya kaunti.

Kitu kimoja tu cha msimu ule wa shule kilimkera mpaka uzeeni. Kila alipoangushwa, Augie alikuwa pale pale juu yake na mkono mkubwa kama koleo, anamnyanyua kabla hajapumua. Uwanja mzima unaona. "Acha kuninyanyua kama mtoto!" Lyle alimfokea mara moja, tena na tusi juu yake. Augie alicheka tu, na mchezo uliofuata akaendelea. Tangu hapo Lyle hakupenda kupewa mkono. Hata Noreen, miaka hii ya karibuni alipokuwa akimwona anahangaika kutoka kwenye kiti, akimnyooshea mkono, Lyle aliusukuma pembeni.

*

Agosti ya mwaka huo Gereji ilikutana kuchagua vijana wapya, kama kila Agosti, lakini kuta zilikuwa tupu. Mke wa Augie, Carol, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, nyumba ilikuwa imeuzwa, na binti yake alikuwa anamsubiri Arizona. Maboksi yalikuwa yamepangwa mahali palipokaa friji ya bia. Augie alikuwa ameshasema: msimu huu atacheza kwa simu, na ukiisha ataiacha timu. Timu iliyoachwa wao huiita yatima; huchukuliwa na yeyote atakayeitaka, hata awe mgeni asiyejua Ndoo ni nini.

Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya Augie kuishika ile ndoo. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanamtania zaidi ya kawaida, ndiyo namna yao ya kusikitika.

Lyle alikuja na jambo lake moyoni. Alikuwa anammiliki Marquell Oakes, mkimbiaji wa Cleveland, miaka ishirini na sita, kipenzi cha jimbo zima. Desemba iliyopita alikuwa amemwona kiganja. Majira yote ya joto alikuwa anampamba kwa maneno matamu ili amuuze kwa Puckett siku hiyo. Kabla hajafungua mdomo, Augie akafuta mikono kwenye aproni.

"Lyle. Namtaka Oakes."

Gereji ikapiga miluzi.

"Haya, muuguzi kaja kuchukua mgonjwa!" Puckett akapaza sauti.

"Nitakupa Priestley," Augie akasema.

Priestley alikuwa mdakaji wa miaka ishirini na miwili, mikono kama gundi, mtu wa kukupa pointi miaka kumi ijayo. Katika timu nzima ya Augie ndiye pekee aliyekuwa na maana. Pamoja na Oakes aliye mzima, Augie angeweza kushinda. Bila Priestley, na Oakes mwenye goti bovu, angemaliza mwisho, naye ndiyo anaondoka hivyo.

"Chukua!" wakamwambia Lyle. "We mtu, unafikiria nini? Chukua kabla hajazinduka!"

Kwa miaka yote Lyle alikuwa amemuuzia huyu mtu mbuzi kwenye gunia, na alilala usingizi mnono. Mchezo ni mchezo. Sasa aliyatazama yale maboksi, akaona hawezi.

"Siuzi," akasema.

"Siuzi!" Puckett akamwiga. "Anataka bei ipande. Mkono wa birika!"

"Hafai, jamani. Nawaambieni ukweli, Oakes hafai."

Wakacheka mpaka Donna akafuta machozi. Gereji haikuwahi kumsikia mtu akiponda bidhaa yake bila hila, na Lyle ndiye aliyewafundisha hila yenyewe. Alipozidi kumponda Oakes, Puckett naye akaanza kumtaka. Lyle akaona afadhali amwondoe Augie pale. Akamshika kiwiko, wakatoka nje, wakakaa kwenye viti vya kukunja karibu na ua, mto ukionekana kwa mbali.

"Augie, sikiliza. Sikutanii. Usimchukue Oakes. Amekwisha. Nimemwona anavyoinuka, anatanguliza kiganja. Ni goti la kushoto."

Augie akanywa soda yake taratibu.

"La kulia," akasema.

"Nini?"

"Kiganja cha kushoto, goti la kulia. Miaka yote hii bado unachanganya."

Lyle akamgeukia.

"Unajua kuhusu kiganja?"

"Lyle, ndugu yangu, mimi ndiye niliyekuwa mbele yako. Kila ulipoangushwa nikigeuka naona nini, nyota?" Augie akaweka chupa chini. "Mchezo wa tatu, na wale wa Harker's Mill. Ulianguka karibu na miguu yangu, ukaweka kiganja, nikauona uso wako. Wiki iliyofuata wakaja wale jamaa wawili wa chuo, wenye makoti ya mvua. Wamekaa juu kabisa, wanaandika. Nikasema, basi, hicho kiganja hawatakiona."

Ndani, Puckett alikuwa anasimulia kitu na watu wanaangua vicheko. Lyle aliisikia sauti yake kama ya redio ya jirani.

"Ndiyo maana ulikuwa unaninyanyua."

"Tena ulikuwa mzito, kwa mtu mwembamba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeanza kulifikiria goti. Mkimbiaji akilifikiria goti, kwisha."

Lyle aliinamisha kichwa. Msimu mmoja wa chuo, kwa kitu alichokuwa anakiita bahati. Vuli moja ya kukimbia mbele ya watu elfu sabini. Foleni ya chakula ambako msichana mwenye madoadoa usoni alimwambia asonge mbele anazuia watu, naye ndiye Noreen. Vyote vilikuwa vimepita chini ya kwapa la huyu mtu aliyemtukana. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona kwamba alikuwa amependwa muda wote bila kujua, na hakujua alie kwa lipi.

"Na wakimbiaji wote wale niliokuuzia? Hata Vidrine?"

"Nilijua."

"Na yule kabla yake?"

"Huyo nilijua kabla yako."

"Sasa uliwanunua wa nini, Augie? Ungekuwa umeshinda Ndoo mara tano!"

"Ndoo nilishainywea nikiwa na kiu," Augie akasema. "Wewe ulitaka wakutoke, mimi nina nafasi. Mtu aliyekimbia vile naona vibaya amalize hana timu, hata hii yetu ya mezani. Basi. Carol alikuwa ananicheka pia."

Halafu Lyle akageuka ghafla, maana yeye alikuwa mtu wa biashara na hesabu ilikuwa imemjia.

"Ngoja. Kama unajua Oakes amekwisha, Priestley ni wa nini?"

Augie akakuna kidevu, akatazama mto.

"Priestley ni mkono mwingine wa kuninyanyua, siyo?" Lyle akasema.

"Nikiondoka timu inakuwa yatima. Sitaki achukuliwe na mtu asiyejua kumtunza. Na Donna amekataza zawadi, unajua sheria yake, kila anayepokea lazima atoe. Sasa nifanyeje?"

Lyle akainuka peke yake, kwa shida, akaingia gereji. Augie akamfuata.

"Donna, andika," Lyle akasema. "Oakes anakwenda kwa Augie."

"Na wewe unapata Priestley," Donna akasema.

"Priestley abaki alipo. Nipe Vidrine."

Terrance Vidrine alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Msimu huo hakuna timu yoyote duniani iliyomwita. Lyle mwenyewe ndiye aliyemtupa kwa Augie miaka sita nyuma, na kijana aliyempata kwa biashara ile alimletea Ndoo mbili.

"Huyu kalewa," Puckett akasema polepole.

"Sheria inasema lazima upokee kitu," Donna akasema, akimtazama Lyle kwa jicho la karani. "Vidrine ni kitu?"

"Vidrine ni kumbukumbu!" Puckett akapiga kelele.

Donna alimtazama Lyle, halafu akamtazama Augie, aliyekuwa anahangaika na soseji zilizokwisha kuiva zamani. Donna alikuwa uwanjani siku zile, na mpuliza klarineti huona mengi wakati wa kusubiri zamu yake.

"Ni kitu," akasema, akaandika.

*

Oakes alidumu mpaka Novemba. Kabla ya hapo alimkimbilia Augie pointi za kutosha, Priestley akaongeza zake, na kwa wiki tano Augie Benedetto aliongoza Gereji kwa mara ya kwanza maishani. Kila Jumatatu alipiga simu kutoka Arizona kumtukana Puckett, akilalamika pia kwamba huko joto halina aibu. Timu ya Lyle ilishuka, na Vidrine alikaa ndani yake akimpa sifuri kila wiki. Watu walimwambia amtoe aweke mtu hai. Lyle alijibu kwamba anamtunza.

Kisha, Jumapili moja ya mvua, Oakes akaangushwa karibu na mstari wa pembeni na hakuinuka mara moja. Lyle akasogeza kiti mbele. Simu ikalia kabla hawajarudia picha.

"Umeona?" Augie akauliza.

"Nimeona."

"Viganja vyote viwili safari hii."

"Vyote viwili."

"Basi tena. Ndoo hiyo imekwenda kwa Puckett, Mungu atusaidie." Augie akavuta pumzi. "Lakini umemwona yule mkubwa wa mbele? Namba sitini na nne?"

Lyle alikuwa amemwona. Kabla ya kamera kusogea karibu, lile jitu lilikuwa limesimama kati ya Oakes na uwanja mzima, limempa mgongo kila mtu, na mkono wake uko chini, unamnyanyua.

"Nimemwona," akasema. "Kamera ya karibu haikupata kitu. Kaonekana anasimama tu."

"Mtu mzuri yule."

"Mtu mzuri," Lyle akasema. "Augie. Nilikutukana siku ile. Mbele ya watu."

"Ulinitukana, na tusi lenyewe halikuwa zuri."

"Ahsante, bwana. Sikuwahi kukuambia. Ahsante."

"Haya, nenda kale," Augie akasema. "Na Vidrine usimtoe."

Noreen alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni begani, chakula kimekwisha kupakuliwa. Lyle akazima runinga. Akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti, akasukuma, goti likagoma kama lilivyogoma mwaka mzima. Noreen akamnyooshea mkono kwa mazoea tu, bila kutarajia kitu, hata macho yake yalikuwa tayari mezani.

Lyle akaushika.